Mkono Unaotia Chumvi

Maposeni, karibu na Songea
12 Februari 1905

Kwa Mama mkwe, Bi Mwanaheri binti Daimu, Tunduru

Shikamoo Mama.

Mimi ni Theodosia, mke wa mwanao Sefu. Najua hukunitarajia. Barua zote hukuandikia yeye, na mimi huniweka mwishoni, "mke wangu anakusalimu", kama mkia wa mbuzi: upo, lakini haufuniki kitu. Leo amekwenda kuuza Songea, nami nimechukua kalamu yake niandike mwenyewe.

Kwanza nashukuru kwa tschumvi. Mizigo ilifika mikavu kwa mkono wa Bakili mchukuzi wako, ingawa mvua ilimnyeshea njia nzima, na jirani walikuja na vibuyu vyao kabla kamba hazijafunguliwa. Sisi huku tumezoea ya majivu. Unachoma majani ya bondeni, unatia majivu katika chungu chenye matundu, unamimina maji juu, na yale yanayochuruzika chini ndiyo unayopikia. Inakoleza, lakini inaacha uchungu nyuma ya ulimi. Yako ya baharini haina uchungu huo.

Sefu hunicheka ninavyoliandika neno hili. Yeye aliyesoma shule ya Serikali huko Lindi huandika chumvi. Mimi nilifundishwa misheni na Bruda Otto, Mdachi, na kwa Wadachi neno hilo haliandikiki mpaka herufi nne zisukumane mlangoni. Maneno mengine yote nimekubali kusahihishwa na mume wangu, hili moja nimeling'ang'ania. Anasema na wewe, uliyefundishwa naye herufi hizi, huandika chunvi na hutaki kusikia lingine. Basi nyumba moja ina majina matatu, na chungu ni kimoja.

Mama, ninalo la kuuliza. Shangazi Halima, dada wa marehemu baba mkwe, anakaa nasi kama ujuavyo. Kila Sefu akisafiri, Shangazi hunizuia kutia tschumvi chunguni. Kupika napika mimi, moto nachochea mimi, lakini tschumvi atie yeye, au aitwe binti mdogo wa jirani. Macho ya Shangazi yana ukungu siku hizi. Hupapasa mpaka aupate mdomo wa chungu, na mara nyingine nusu huishia motoni. Nikimwuliza sababu husema mke ambaye mumewe yuko njiani, mkono wake haujulikani. Kwetu Wangoni desturi hiyo ipo pia, bibi yangu aliishika. Misheni walituambia ni ushirikina. Wewe wasemaje?

Nakuuliza wewe kwa kuwa misheni wamenitoa kwa ajili ya kuolewa na Mwislamu, na wewe hukuja harusini kwa ajili ya mimi kutoka misheni. Nimesimama katikati, na ningependa mmoja aniambie nikae wapi. Tena niko mjamzito, na mwenye mimba hachoki kusimama tu, hukasirika pia.

Mkweo,
Theodosia


Tunduru, Mfungo Nne 1323
(kwa hesabu yenu, Machi 1905)

Kwa mke wa Sefu

Marahaba. Barua yako nimeipata, na Bakili ameniapia kuwa uliiandika wewe, maana nilidhani Sefu ananichezea.

Neno lako hilo nililitazama nikijiuliza ni mdudu gani. Herufi zote hizo kwa kitu kinachoyeyuka. Huyo Bruda wako bila shaka alikuwa na mafua siku aliyowafundisha, akapiga chafya, nanyi mkaandika. Mimi nasema chunvi, mama yangu alisema chunvi, na Wayao wanaokuja kununua kwangu husema njete, na wote huondoka na kitu kile kile. Mchele mmoja mapishi mengi. Endelea na mdudu wako, mimi nitaendelea na wangu.

Sasa hiyo desturi. Halima kakueleza nusu, kama kawaida yake, kwa sababu anaona aibu kusema. Mimi ni mwanamke wa sokoni, sioni aibu. Mume akiwa safarini, na mke akatoka nje ya ndoa, kisha akatia chunvi chakulani kwa mkono wake, yule atakayekula chakula kile ataugua. Huvimba miguu, hukohoa, hukonda, na wengine hufa. Ndiye anayeanza kupatwa, aliyekula. Baadaye ndipo msafiri naye hupatwa huko aliko. Ndivyo tulivyopokea. Kwa hiyo mwanamke mwenye adabu hatii kabisa, hata akiwa safi kama maji ya mtungi, ili pasiwe na maneno. Marehemu mume wangu Chande alikuwa mtu wa misafara, na miaka yote ile nilimwita binti wa jirani. Alikuwa mchoyo wa mkono yule mtoto, tulikula vyakula vibaya sana.

Sikuambii uamini. Nakuambia usiwape watu la kusema. Mwache Halima apapase.

La harusi. Sikuja, ni kweli. Lakini sikusema sikutaki, nilisema sikujui. Mtu humjua mwenzake kwa kula naye, na mimi na wewe hatujala. Mimba hiyo itunze. Usibebe kuni.

Mimi,
Mwanaheri binti Daimu


Maposeni
24 Septemba 1905

Kwa Mama mkwe, Bi Mwanaheri

Shikamoo Mama.

Mjukuu wako amepata meno mawili na jina la babu yake. Tumemwita Chande. Sefu alingoja arobaini yake ipite ndipo akaondoka kwenda Lindi kuchukua mizigo mipya, na tangu hapo sijamwona. Nakuomba, akipita Tunduru, umwambie asije kwanza. Huku si pa kuja.

Nadhani habari mmezipata. Watu wamekunywa dawa ya maji, wanasema risasi za Wadachi zitageuka maji. Kaka zangu wawili wamekunywa na wamekwenda. Walikuja kuniaga wamejifunga mabua ya mtama kichwani, mkubwa akanicheka kwa kulia. Misheni imechomwa. Nilisimama uani nikaona moshi upande wa Peramiho, na ingawa walinifukuza, nilisikia vibaya. Nilijifunzia pale kuandika barua hii.

Watu wa hapa wamekimbilia msituni na watoto wao na kuku wao. Mimi sikwenda, kwa sababu Shangazi Halima alishikwa na homa siku zile zile, akawa hawezi kusimama. Binti wa jirani naye alichukuliwa na mama yake. Tukabaki watatu katika kijiji kizima: mgonjwa, mtoto na mimi. Shangazi alikuwa hali chakula. Kila nilichompa alikitema, akisema hakina ladha, hakina ladha. Nikaona atanifia mikononi na Sefu hayupo. Nikamkamata jogoo aliyekuwa amesahauliwa na wenyewe, nikampikia mchuzi, akaunywa. Akalala, akaamka, akaunywa tena. Sasa anakaa kitako na ananigombeza, nami nafurahi kugombezwa.

Bakili alipita majuzi na kifurushi chako cha nguo za mtoto. Anapita njia za porini. Hakutaka kuingia ndani kwa kuwa Sefu hayupo, alisimama mlangoni, akanipa, akaondoka. Ninaye kidogo yule mdudu wako wa baharini, nimemfunga katika kitambaa kiunoni, maana siku hizi watu wanaiba tschumvi kabla ya nguo.

Niombee, na mimi nakuombea.

Theodosia


Tunduru, Ramadhani 1323
(Novemba 1905)

Kwa mke wa Sefu

Naandika kwa haraka, Bakili anataka kuondoka.

Sefu alipita hapa mwezi wa Shaabani na mizigo yake. Nilimwambia maneno yako. Nikamwambia na yangu: kaa, vita havina macho, ngoja vipite. Akasema, "Mama, nina mke na mtoto na shangazi kule, nitakaaje hapa nakula wali?" Nikamficha viatu. Akaenda pekupeku, ndivyo alivyo tangu mdogo. Tangu hapo sijasikia lolote. Amefika? Niandikie neno hilo moja, kafika, na usiandike kitu kingine, nitaridhika.

Ule mchuzi wa jogoo umefanya vizuri, na Halima mwenye umri ule kupona ni jambo la kushukuru. Hukusema nani aliutia chunvi, na mimi siulizi.

Mwanaheri


Maposeni
19 Januari 1906

Kwa Mama mkwe, Bi Mwanaheri

Mama, kaa chini kwanza.

Sefu hakufika. Nimengoja mpaka leo nikitumaini nitakuandikia lile neno moja, na sasa siwezi tena. Bakili amekutana na mtu aliyekuwa mpagazi pamoja na Sefu. Askari walimkuta Sefu njiani, kabla ya kufika Namtumbo. Hawakumwua. Walichukua mizigo yake kwa ajili ya chakula cha jeshi, na kwa kuwa wapagazi wao walikuwa wametoroka, wakambebesha yeye. Mwanao alibebeshwa chumvi yake mwenyewe, Mama, akaibeba mpaka tumbo la damu lilipomshika. Wenzake walimzika kando ya njia na kumsomea walichokijua. Huyo mtu alisema alikuwa mcheshi mpaka karibu na mwisho, akiwaambia askari kwamba hawajamlipa bei ya jumla.

Mimi sijui nikuambie nini. Sina kilio cha kutosha. Nilikuwa nikimkasirikia kwa kuchelewa, kila siku nilikuwa nikiandaa maneno ya kumgombeza.

Kaka zangu nao hawakurudi. Askari walipita hapa, wakachoma nyumba na vihenge vyote vya mahindi, chetu pia. Tunalala katika kibanda nilichokiegemeza mwambani.

Shangazi Halima anakuja kwako. Bakili amekubali kumwongoza taratibu, pamoja na barua hii. Tangu habari ilipofika hali chakula nilichopika, hukaa amenipa mgongo. Yapo atakayokueleza kwa namna yake. Nakuomba, ukishamsikiliza, unisikilize na mimi kabla hujaamua.

Theodosia


Tunduru, Mfungo Tatu 1323
(Februari 1906)

Kwa mke wa marehemu Sefu

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Matanga tumeyaweka. Nilipika wali wa watu wote na sikumbuki kama niliuonja.

Halima amefika. Mbele ya wanawake waliokuja kunipa pole amesema maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema. Kwamba Sefu alipokuwa safarini ulitia chunvi chunguni kwa mkono wako, na kwamba ulimwambia mwenyewe, tena ukicheka. Kwamba siku zile zile alisikia sauti ya mwanamume mlangoni pako, akashindwa kumtambua kwa macho yake yale. Kwamba haukupita muda Sefu akafa. Wanawake wale wote wakanitazama mimi.

Mara ile nilisema siulizi. Sasa nauliza. Ulitia?

Mtoto Chande alizaliwa Sefu akiwapo, hilo hata Halima halikatai. Yeye ni wetu. Nasikia huko mnakula mizizi. Mpe Bakili amlete. Wewe baki kwa watu wako.

Mwanaheri binti Daimu


Maposeni
6 Mei 1906

Kwa Bi Mwanaheri binti Daimu

Shikamoo.

Ndiyo, nilitia.

Ningeweza kukuambia binti wa jirani alirudi akatia yeye. Hakuna wa kunipinga, binti huyo na mama yake walikufa kwa njaa mwezi wa tatu. Nililifikiria. Lakini wewe ulinieleza desturi hii waziwazi nilipokuuliza, bila kunificha nusu, nami nimeona nikujibu hivyo hivyo.

Shangazi alikuwa anakufa. Kila kijiko alikitema akisema hakina ladha. Nilikuwa na tschumvi kiunoni, na katika kijiji kizima hapakuwa na mkono mwingine isipokuwa wa mtoto wa miezi minne. Nilimshika Chande mkono, Mama, nikajaribu kumfumbatisha chembe ili atie yeye, akazipeleka mdomoni. Basi nikatia mimi. Nilijua watu watasema nini. Nikasema moyoni, wacha waseme, ilimradi apone wa kuyasema. Alipopata nguvu nikamwambia kwa furaha, "Shangazi, umeponywa na mkono wangu mbaya." Ndicho kicheko alichokisikia. Nilidhani atacheka na mimi.

Mwanamume sikuwa naye. Mlangoni alisimama Bakili na kifurushi chako. Shahidi wa mengine sina, ni mimi na Mungu, na nimechoka kuapa kwa kuwa aapaye sana huonekana mwongo.

Huku hakuna kitu. Tunachimba mizizi ya porini, tunailoweka na kuichemsha mpaka sumu itoke. Chumvi haipo kabisa. Nilijaribu kuchuja majivu ya nyumba yetu, nikapata uchungu mtupu, nikaenda bondeni kuchoma majani kama alivyofanya bibi yangu. Sina wa kunizuia kutia sasa, mume siye tena wa safarini. Lakini kila nikitia, hugeuka nyuma kwanza.

Kuhusu Chande, nimefikiri sana na sikulala. Ana mwaka mmoja na uzito wa mtoto mchanga. Nikimshika atakufa nami. Nikimtuma atakula wali wa bibi yake na kukua. Kwa hiyo umchukue. Sikupi kwa kuwa nina hatia. Nakupa kwa kuwa una chakula. Bakili alikataa safari hii, anasema hawezi kubeba mtoto ambaye hajaacha ziwa, nimwachishe kwanza, atamchukua akirudi. Nimeanza kumwachisha jana. Analia, na mimi nakaa upande wa pili wa mwamba nisimsikie, na namsikia.

Akiwa mkubwa mwambie jina langu. Hupenda kushikwa sikio akisinzia.

Theodosia


Tunduru, Mfungo Saba 1324
(Juni 1906)

Kwa mwanangu Theodosia

Acha kumwachisha. Ukiisha kusoma mstari huu, mpe ziwa kwanza, kisha uje uendelee.

Barua yako nimeisoma kwa macho yangu mwenyewe mara nyingi kuliko nitakavyosema. Siku ya pili nikatandika mkeka uani, nikawaita wale wanawake wote waliokuwapo matangani, na Mwanne mfinyanzi akaja na udongo wake mikononi. Nikamketisha wifi yangu Halima katikati. Nikamwuliza mbele yao.

"Wifi, mchuzi ule uliunywa?"

"Niliunywa."

"Kidogo?"

"Bakuli zima. Na uliobaki asubuhi."

"Aliutia nani chunvi?"

"Si nimekwisha sema? Yeye."

"Basi wewe ndiwe uliyekula. Ukavimba miguu?"

Akasema hakuvimba. Nikamwuliza kama alikohoa, akasema hakukohoa. Nikamwuliza ugonjwa ulikuwa kabla ya mchuzi au baada. Akasema kabla. "Na baada?" Hapo akaanza kuchezea ukindu wa mkeka. Mwanne akajifunika uso kwa mikono ile ile ya udongo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nikawaambia wote: desturi ni yetu, hatukuisoma misheni, basi tuishike sawasawa. Chunvi ya mkono mchafu humwanza aliyekula, kisha ndipo humfuata msafiri. Aliyekula ni huyu hapa. Alikuwa mahututi, akala, akapona, akatembea kwa miguu yake kutoka Maposeni mpaka Tunduru, na tangu afike hajaacha hata ukoko katika chungu changu. Kama la kwanza halikutokea, la pili limetoka wapi? Na mwanamume wa mlangoni nilimtuma mimi, na nguo alizoleta nilizishona mimi. Kama ni hatia, tuipelekeni kwa mwenye sindano.

Kisha Halima akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, hakina sauti. Akasema, "Nilitaka pawe na mtu. Sefu hawezi kufa hivihivi, kama mbuzi wa njiani. Waliomwua wana bunduki, nitawaita baraza gani?" Nikakaa naye pale mkekani mpaka watu wakaondoka wenyewe. Nilimwelewa, kwa sababu na mimi nilikutafuta wewe ili nisiwatazame wale wenye bunduki, wasiotazamika. Nilikuandikia nikutenganishe na mwanao, nawe ukakubali ili aishi. Nilipofika pale penye sikio lake, nikaiweka barua chini.

Nimeona jambo lingine. Katika kuandika kwako habari ya kifo, na mara moja tena katika barua hii ya mwisho, yule mdudu wa Bruda hayupo. Umeandika chumvi, kama Sefu. Nadhani hata wewe hukuona. Mimi nimejaribu jana, mkono umezoea kwenda kwingine, lakini nitaweza. Hii hapa: chumvi. Chande atakapoanza kushika kalamu afundishwe hii ya baba yake, na sisi wawili tuzeeke na zetu.

Bakili anakuja na punda aliyemwazima kwa mkwewe. Panda wewe na mtoto, msione haya. Amebeba unga na wali mkavu wa njiani, ule kidogo kidogo, tumbo lililofunga halifunguliwi kwa pupa.

Uliniuliza ukae wapi. Nilikuambia mimi na wewe hatujala, na mimi simjui mtu nisiyekula naye. Tangu siku ile ya mkeka chungu changu hakijatiwa chumvi. Watu wa soko wananicheka, muuza chumvi anakula chukuchuku. Nimesema hakitatiwa mpaka uje utie wewe, kwa mkono wako, mbele ya yeyote anayetaka kuona. Halima ameomba awe wa kwanza kula.

Fanya upesi, mwanangu. Kila siku ananigombeza kwamba chakula hakina ladha.

Mama yako,
Mwanaheri